Kuku wa kuchoma wa Wameksiko hapa Houston: fuata moshi

Kaka umeuliza vizuri. Umeshuka Houston juzi, baga zishakuchosha, unatafuta kuku wa kuchoma asiyemaliza hela, halafu mtu anakujibu eti Wameksiko ni taco na jibini basi. Hapana bwana. Mimi ni wa Mombasa, nimelelewa kwa sekela, zile nyama za mkaa za kwetu pwani, na miaka tisa niliyokaa huku kitu pekee kilichonikata hamu ya kwetu ni pollo asado, yaani kuku wa kuchoma, ya vile vibanda vya mkaa, kwa hivo wacha nikueleze pole pole.

Jumamosi pita Airline Drive kule kwa zile soko zao wanaita pulga, ama Long Point, shusha kioo cha gari na utasikia harufu ya mkaa kabla hujaona kibanda chenyewe. Pengine ni trela tu imeegeshwa kando ya barabara na jiko refu la chuma mbele. Ukiona kuku anatolewa kwa oveni nenda zako, manake utamu wote uko kwa moto. Wengi wanapenda mkaa wa mesquite, na hiyo mesquite ni ukoo mmoja na mathenge, ule mti wa miba ulioteka Baringo, yaani mkaa ambao sisi kwetu tunauona wa taabu huku ndio watu wanaupangia foleni.

Kuku mwenyewe anapasuliwa akatandazwa bapa kama ng'onda, ndio moto umpate sawa paja na kifua. Amelazwa kwa ndimu ama machungwa, kitunguu thomu, oregano na chumvi, na wengine wanatia achiote, zile mbegu nyekundu ambazo Unguja wanaita mzingefuri, ile rangi ya chungwa unayoiona kwa ngozi ndiko inakotoka. Hakuna haraka, anageuzwa na kugeuzwa mpaka ngozi ishike weusi kwenye ncha. Pale ninapoenda mimi kuna mama anamshika kuku mzima, anamlaza kwa gogo na kumkata kwa panga na mifupa yake, pa pa pa, hata haangalii mkono, maji ya kuku yanatiririka kwa ubao naye anayafuta na kipande cha tortilla, ile chapati yao nyembamba, anampa mtoto yeyote aliye karibu kwa foleni. Nikimuona vile namkumbuka nyanya yangu kabisa.

Agiza pollo entero, kuku mzima, usinunue sahani ya mtu mmoja, bei inakuumiza bure. Mzima mara ya mwisho nimelipa chini ya dola 25, na ndani kuna wali, maharage, tortilla na salsa yao ya pilipili, tumekula watu wanne tukashiba. Nusu ni medio pollo, ya kubeba unasema para llevar. Pico de gallo yao usiogope jina, ni kachumbari tu: nyanya, kitunguu, dania, pilipili mbichi na ndimu. Tortilla chukua za mahindi, sio za ngano. Mahindi yake yanachemshwa na chokaa, yanalala, yanaoshwa ndio yasagwe, na ile harufu yake haifanani na ugali hata kidogo lakini kwa kuku wa moshi inaingia vizuri sana.

Sasa hapa sikiliza sana. Kama huli nguruwe, uliza maharage kabla hujalipa. Zile za mchuzi, frijoles charros, kwa kawaida zina bekoni, na zile za kupondwa mara nyingi zimekaangwa kwa manteca, ambayo ni mafuta ya nguruwe. Nilimpeleka jirani yangu wa Lamu mahali fulani, tukaambiwa hazina nyama, ameshakula nusu bakuli ndio anaona kipande kimeelea. Aliumia sana na mimi niliumia zaidi manake ni mimi nimemleta. Na kuku pia usidhani ni halali, uliza, wakikosa jibu la wazi toka.

Na kuna El Pollo Loco, ile mikahawa ya kuku yenye matawi mengi, si mbaya, na asili yake ni hukohuko Meksiko, ilianza Guasave jimbo la Sinaloa 1975 ndio ikaingia Los Angeles 1980. Lakini ukipata kibanda cha familia chenye mkaa wa kweli, huko El Pollo Loco mwenzangu utaenda siku una haraka tu.

Jumapili fika kabla ya saa sita, wakitoka misa foleni inafika barabarani na kuku wanaisha. Mifupa beba nyumbani. Mimi naitia kwa sufuria na kitunguu, tangawizi na ile salsa ya kijani iliyobaki, nakamulia ndimu, na Jumatatu asubuhi kabla ya shifti nina supu yenye moshi ndani yake.