Usimlipe fundi vioo kabla hujapima mwanga wa ndani ya tangi

Mkuu uliyeandika kutoka Iringa, simama hapo hapo. Hiyo hela usiitume. Nimesoma bandiko lako mara mbili: spirulina yako (vile viumbe vidogo vya kijani vya majini) imekua vizuri siku nne kwenye chupa za maabara, umepata kiwango cha ukuaji 0.3 kwa siku, sasa unataka kumlipa fundi akutengenezee matangi ya kioo yenye upana wa sentimita 30, na unauliza ukadirie ukuaji kutokana na mwanga kwa mlinganyo wa Monod au wa Haldane. Hiyo 0.3 na hizo sentimita 30 ndizo zilizonimaliza mimi hapa Uyole, Mbeya.

Jamaa mmoja aliyejiita mshauri aliniuzia jedwali la Excel kwa laki tatu. Unaweka gramu za kuanzia, unaweka 0.3, unaburuta mpaka siku ya kumi: gramu 0.1 kwa lita inakuwa gramu 2. Nilikuwa na matangi manne ya lita 300, kwa hiyo jedwali lilisema kilo 2.4 kavu kwa siku kumi. Nikachukua mkopo wa kikundi, milioni nne na ushee. Siku ya kumi nikapima, ikaja gramu 0.35 kwa lita. Gramu 420 kwa matangi yote, na 120 kati ya hizo ni mbegu niliyomwaga mwenyewe! Nikaongeza mbolea, nikaongeza bikaboneti, nikanunua pampu ya hewa kubwa zaidi. Miezi miwili nahangaika na chakula, kumbe njaa ya spirulina ni ya mwanga. Nikimpigia yule bwana ananiambia nivumilie, mbegu bado inazoea. Hakuwahi kuniuliza tangi lina upana gani. Mtu anauza modeli ya kiumbe kinachoishi kwa jua, na kwenye jedwali lake hakuna hata kisanduku kimoja cha mwanga. Hilo linaniuma kuliko hela.

Kilichonifumbua macho ni kifuniko cheupe cha chupa ya maji. Nilikigandisha kwenye ncha ya rula, nikakizamisha taratibu saa sita mchana, jua linawaka kweli kweli. Sentimita ya kwanza nakiona, ya pili kimekuwa kijani, ya tatu kimepotea. Na tangi lina thelathini! Sehemu kubwa ya maji niliyokuwa nayahesabu ilikuwa giza, na seli iliyo gizani haikui, inapumua na kula akiba yake.

Fanya hesabu uone. Kwa sheria ya Beer na Lambert, mwanga hufifia kadiri jibu la kuzidisha k, X na z linavyokua: k ni uwezo wa seli kumeza mwanga, X ni gramu za seli kwa mita ya ujazo, z ni unene wa maji ambao mwanga unapita, kwa mita. k yangu nilipima ikaja 0.15. Chupa yenye gramu 0.1 kwa lita na unene wa sentimita 5 inakupa 0.75, na wastani wa mwanga ndani ni kama asilimia 70 ya ule wa nje. Ndiyo maana zilikua vile. Tangi la sentimita 30 likifika gramu 1 linakupa 45, na wastani unabaki asilimia 2 tu.

Kwa hiyo Monod au Haldane, ukiingiza mwanga wa nje utadanganyika vilevile. Haldane inaongeza tu jua kali linapoziumiza seli zilizo karibu na kioo. Gawa unene vipande vyembamba, tafuta mwanga wa kila kipande, kisha ukuaji wake, toa upumuaji, ndipo upige wastani wa ukuaji. Usipige wastani wa mwanga kwanza, mstari wa Monod umepinda na utapata namba kubwa kuliko ukweli.

Mwanga wote ukishamezwa, ukuaji hauzidishani tena, unapanda kwa mstari ulionyooka, na unaamuliwa na kioo kinachotazama jua. Tangi langu lilikuwa na mita moja ya mraba upande wa kaskazini, likaongeza gramu 75 kwa siku kumi. Lita 300 au lita 50 nyuma ya kioo kilekile, mavuno karibu ni yaleyale. Ila mchanganyiko wa Zarrouk, yaani maji ya chumvi na virutubisho ya kukuzia spirulina, unataka gramu 16.8 za bikaboneti kwa kila lita: lita 300 zinakula kilo 5, lita 50 hazifiki hata kilo moja. Sasa hivi vioo vyangu vina nafasi ya sentimita 5 tu.

Unapopima uzito mkavu suuza kichujio, chumvi inadanganya mizani. Na 0.3 yako ni ya maabara yenye joto. Spirulina inapenda nyuzi 35 hivi, mimi Julai asubuhi nimekuta maji yana 11.

Kesho saa sita zamisha rula yenye kifuniko kwenye chupa yako yenye kijani kizito kuliko zote, uniandikie hapa kifuniko kimepotea sentimita ya ngapi. Fundi asubiri.