Si cha Mjerumani hicho
Hapana dada, hicho kituo cha treni kilichofungwa cha kijijini, kati ya Makambako na Mbeya, unachodhani kilijengwa na Mjerumani, si chake. Mjerumani huku nyanda za juu reli hakuifikisha. Ni cha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, waliyojenga Wachina na vijana wetu kuanzia 1970, ikakabidhiwa 1976. Kilichokiua ni kupungua kwa mizigo: 1986 reli ilibeba kama tani milioni 1.2, mwaka 2014/15 haikufika hata laki 1. Malori ya njia ya Tunduma yamezoa yote. Treni zikiwa chache, vituo vidogo ndivyo hutangulia kufa. Siku hizi dirisha la tiketi limezibwa bati, na akina mama wanaanika mahindi jukwaani (pazuri kwelikweli, saruji haina vumbi).