Maswali ya Wasomaji: Fedha ya Deni Isivuke Mpaka

SWALI: Mimi ni Mkenya, na nilisomea shahada yangu nyumbani kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Bado nadaiwa shilingi 280,000 za Kenya. Kampuni ya Nairobi iliyoniajiri kama mhasibu inaniruhusu kufanya kazi kwa kompyuta popote nilipo, kwa hiyo nilihamia Kampala nikiamini kwamba maisha ya huku yangenisaidia kulimaliza deni mapema. Nairobi nilikuwa nikilipa kodi ya nyumba 22,000. Hapa Kisaasi nalipa 350,000 za Uganda kwa chumba chenye choo na bafu ndani, ambazo ni kama 12,500 za kwetu. Ajabu ni kwamba mwezi ukiisha sina cha kupeleka HELB, na huu ni mwezi wa nne sijalipa. Nakosea wapi?
Msomaji wa Kisaasi

JIBU: Dada msomaji, tuanze na hiyo miezi minne, maana hiyo ndiyo inayokuumiza zaidi. Riba ya mkopo wako ni asilimia 4 kwa mwaka, ambayo kwa deni la 280,000 ni 11,200, yaani chini ya elfu moja kwa mwezi. Faini ya kutolipa ni 5,000 kwa kila mwezi unaopita. Miezi yako minne imekwisha kukugharimu 20,000, na mwaka mzima wa kunyamaza utakugharimu 60,000, zaidi ya mara tano ya riba yenyewe. Bodi haijali kama unalala Kisaasi au Kitengela. Waandikie wiki hii, ueleze uliko, na uombe kiwango cha mwezi unachokimudu, kisha ukishike hicho bila kukosa. Ni kweli kwamba bodi imewahi kuwasamehe faini waliolipa deni lote kwa mkupuo, lakini huo ulikuwa msamaha wa kipindi maalumu, na si jambo la kupangia maisha. Wala usikope kwenye programu za simu ili ulipe HELB, kwa kuwa mkopo wa asilimia 4 ni miongoni mwa mikopo nafuu kabisa utakayowahi kuipata.

Sasa, zile 9,500 unazookoa kwenye kodi ya nyumba huenda wapi? Hukututajia matumizi yako, lakini wageni wengi wa Kampala huvujisha fedha mahali palepale. Mshahara huingia Kenya, mtu akautuma wote kwenye simu ya huku, ukapungua katika kubadilisha fedha, kisha ukakatwa ada ya wakala pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kila anapotoa taslimu. Fedha zikishafika zinaonekana nyingi kuliko zilivyo, kwa sababu 1,000 ya Kenya inageuka karibu 28,000, na aliyezoea kuhesabu kwa mamia humpa mtu wa bodaboda 5,000 bila kuhisi kwamba ametoa karibu 180 za kwao. Safari mbili za namna hiyo kwa siku, kwa siku 25, ni 250,000, yaani karibu 9,000 za Kenya, na hapo karibu nafuu yote ya chumba cha Kisaasi imekwishia barabarani.

Chakula nacho kina njia yake ya kukuponyoka. Soko la Kalerwe haliko mbali nawe, na huko unaweza kununua mkungu mzima wa matoke na maharage ya wiki mbili kwa pamoja. Anayenunua kila jioni kwenye duka la jirani, mafuta ya kupikia mara moja yaliyofungwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, sabuni iliyokatwa kipande na nyanya tatu zilizopangwa juu ya meza, hulipa zaidi kwa kila kitu na hana habari. Rolex ya asubuhi hatukukatazi; hata mwenye deni ana haki ya kufurahia chapati na mayai.

Ushauri wetu mkuu, hata hivyo, ni kwamba fedha ya deni isivuke mpaka kabisa. Sheria ya HELB inamtaka mwajiri amkate mfanyakazi anayedaiwa na kuipelekea bodi moja kwa moja, na tunashangaa kwamba mwajiri wako hajafanya hivyo. Mwombe akate 9,500, ambazo tayari ulikuwa umezizoea kuwa za mwenye nyumba wa Nairobi, kabla mshahara haujakufikia. Kwa mwendo huo utapeleka 114,000 kwa mwaka, na deni lako, pamoja na riba na hizo faini, litaisha katika muda wa chini ya miaka mitatu.

Zingatia pia kwamba anayekaa Uganda siku 183 au zaidi ndani ya miezi 12 huhesabiwa mkazi katika sheria ya kodi ya mapato. Nenda Mamlaka ya Mapato, URA, ukiwa na hati za kodi unayokatwa Kenya kabla siku hizo hazijatimia, na ulize Uhamiaji kuhusu kibali kinachokufaa. Kuwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hurahisisha suala la kibali, lakini hakulifuti.

Jambo la mwisho kwako: mpango huu unategemea mshahara wa Nairobi. Ukiupoteza na kuajiriwa hapa, kumbuka kwamba kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012, kila shilingi ya mshahara inayozidi 410,000 za Uganda kwa mwezi hukatwa kodi ya asilimia 30, na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, huchukua asilimia 5 ya mshahara wote. Hapo afadhali urudi nyumbani, urafiki wetu ukibaki palepale.

SWALI: Mwanangu alisoma kwa mkopo wa serikali ya Uganda, nami nikawa mdhamini wake. Sasa yuko Dubai na anasema deni limesimama kwa kuwa yuko nje. Ni kweli?
Mzee wa Mbale

JIBU: Mzee wetu, si kweli. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, humpa mhitimu mwaka mmoja wa kujipanga, kisha deni huanza kulipwa popote alipo. Akinyamaza, anayetafutwa ni mdhamini. Mwambie mwanao aipelekee bodi fedha hiyo mwenyewe na akutumie risiti. Asiipitishe kwenye simu yako, kwa kuwa itakutana huko na karo ya wadogo zake na mchango wa msiba wa jirani, na wewe, kwa moyo wa mzazi, utashindwa kukataa.