Wadogo zangu wa chanjo za puani, damu sio pua

Jamani juzi kwenye kikao cha maabara dogo mmoja katoa slaidi nzuri kweli, chanjo ni ya puani ila kila grafu ni ya seramu, yaani maji ya damu. Nikauliza IgA ya puani, ile kingamwili inayolinda utando laini wa ndani, iko wapi? Akanijibu "bado kaka, ila taita za damu ziko juu balaa", yaani kiwango cha kingamwili kwenye damu. Sio yeye tu, kila kundi jipya likija ni wimbo uleule, kwa hiyo naandika nipumzike.

1. Damu inakupa habari za damu. IgA ya utando inatengenezwa palepale chini ya utando na kuvushwa juu, wakati sindano ya mkono inakupa IgG, kingamwili ya damu, ambayo inavujia mapafuni vizuri tu ila puani inafika kiduchu, ndo maana mtu haugui sana lakini anaambukiza wenzake. Mnakumbuka polio Israel? Walihamia chanjo ya sindano pekee 2005, mwaka 2013 kirusi kikakutwa kwenye majitaka, hakuna aliyepooza ila kilikuwa kinazunguka matumboni mwa watu waliochanjwa, wakarudisha matone ya mdomoni. Utumbo sio pua, najua, msianze.

2. Andikeni ujazo wa dozi na kama panya alikuwa amelala. Hapa nina kidonda. Enzi zangu nilikuwa nawalaza kwa dawa ya usingizi, isoflureni, nawadondoshea mikrolita 50, nawaita "kundi la puani" bila aibu. Panya aliyelala anavuta pumzi ndefu, hapigi chafya, hamezi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo inashuka mapafuni. Mimi sikujua, au sikutaka kujua, maana matokeo yalikuwa matamu: IgA kibao kwenye maji niliyosuuzia mapafu, seli T za kumbukumbu (seli za kinga zinazomkumbuka adui) zimejaa, nikiwaambukiza kirusi mapafu yanabaki safi. Nikachapisha bango la mkutano, maandishi makubwa, chanjo ya puani yazuia maambukizi. Akaja mama mmoja mtu mzima, mpole, akasoma bango mpaka chini kabisa halafu akauliza, "Mwanangu, ulidondosha kiasi gani?" Nikajibu kwa kujidai. "Na walikuwa wamelala?" Ndiyo mama. "Basi hiyo ya mapafu nimeiona. Ya pua je, umeijaribu?" Nilitamani nijifunike na lile bango. Na kibaya zaidi sikuwa na pa kukimbilia, maana nilikuwa natoa mapafu natupa vichwa, hata sampuli moja ya pua sikuweka kwenye friza. Nikarudia kazi yote kwa mikrolita 5 kila tundu, panya wako macho wananing'ata, na zile namba tamu zikayeyuka. Profesa wangu hakunigombeza, alinyamaza tu, afadhali angenigombeza.

3. Maji mliyosuuzia pua yakiwa na damu tupa, maana kingamwili za damu zimechanganyika humo, na IgA inayotambua chanjo yako igawe kwa IgA jumla iliyomo.

4. Kabla ya kutoa mapafu piga kwenye mshipa wa damu kingamwili yenye rangi ya kung'aa inayoshika CD45 (alama iliyoko kwenye seli za kinga), zitakazong'aa ni seli za kwenye damu, sio wakazi wa mapafu.

5. Kichocheo cha puani, kile kinachoongezwa kwenye chanjo kuamsha kinga, sio mchezo, mishipa ya fahamu iko jirani sana. Uswisi msimu wa 2000/2001 walitoa chanjo ya mafua ya puani yenye sumu ya E. koli kama kichocheo, baadhi ya watu wakapooza upande mmoja wa uso, ikaondolewa sokoni. Kwa hiyo mtu akiniambia "tuongeze kichocheo kidogo tuone" namwangalia tu.

6. Chanjo hai, yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, lazima kirusi chake kizaliane puani. FluMist, chanjo hai ya mafua ya kunyunyiza puani, ilipewa leseni Marekani 2003, lakini misimu ya 2016/17 na 2017/18 CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ikasema isitumike kwa sababu upande wa H1N1, aina mojawapo ya kirusi cha mafua, ilikuwa haikingi vizuri, wakabadilisha kirusi cha H1N1 na 2018/19 ikarudi. Kirusi kikizubaa, umenyunyiza maji.

7. Kuzuia kuugua, kuzuia kuambukizwa na kuzuia kusambaza ni majaribio matatu, msiyapakie kwenye sentensi moja. Kusambaza msipime kwa panya, mtalia, korona tumieni hamsta, mafua fereti. Na msimweke mgeni (mnyama mzima asiyeambukizwa) kizimbani siku ileile mliyomwambukiza mwenyeji, ule mzigo uliodondosha bado uko puani, mgeni ataulamba na wewe utaandika kasambaziwa. Subirini kesho yake, na mwenyeji ahamie kizimba kipya chenye maranda mapya.