Re: Nyumba ya likizo, Pangani au Tanga mjini?

Ndugu, umeuliza mpange nyumba Pangani au Tanga mjini, wiki moja, na watoto, bila gari. Kwa kuwa hamna gari, mimi nasema Tanga. Mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini ya mji, bajaji inawafikisha. Jioni mnashuka Raskazone kuogelea. Na mtoto akishikwa na homa usiku, hospitali ya rufaa ya Bombo iko hapo hapo.

Pangani ni pazuri, sikatai: mto, majumba ya zamani, kivuko kinachovusha watu na pikipiki kwenda Bweni. Ila panalala mapema mno. Nendeni siku mbili, Tongoni mpitie njiani muone magofu. Mkitaka Maziwe, lile ni fungu la mchanga tu na maji yakijaa linafunikwa, kwa hiyo muulizeni nahodha saa za maji kabla hamjampa hela.

Nyumba yoyote mtakayochukua, ulizeni mapema umeme wa LUKU (wa kulipia kabla) ananunua nani na kama kuna simtanki. Picha za sebule huwa hazionyeshi bomba lililokauka.