Sheria za Uingereza za biashara ya baharini zilimnufaisha nani?
Wengine huuliza kama lengo la sheria hizi, zilizowekewa makoloni ya Uingereza ya Amerika na Karibi, lilikuwa ushuru tu: hapana, kilichobanwa zaidi ni njia ya mzigo. Sheria ya 1660 ilitaka bidhaa za makoloni zibebwe na meli za Kiingereza au za makoloni yenyewe, robo tatu ya mabaharia wakiwa Waingereza. Tumbaku ya Virginia na sukari ya Barbados hazikuruhusiwa kwenda Amsterdam moja kwa moja. Zilipitia Uingereza, na wafanyabiashara wa London wakaziuza tena Ulaya kwa faida. Toka 1663 hata bidhaa nyingi za Ulaya ziendazo makoloni zilipitia Uingereza kwanza. Mwaka 1733 molasi ya kigeni (majimaji mazito ya miwa yanayotumika kutengeneza ramu, aina ya pombe kali) ikawekewa ushuru wa peni 6 kwa galoni. Hapo sheria ilikwama: molasi ya visiwa vya Wafaransa huko Karibi ilikuwa na bei nafuu mno, na watengeneza ramu wa Boston wakaiingiza kwa magendo.