Kiraka kimenyamazisha keneli. Nikipitishe?

SWALI: Shikamoo Fundi. Seva yetu ya Linux ina kadi ya mtandao inayotumia laini ya katizo (ishara ya kifaa kuiita prosesa) namba 19 pamoja na kidhibiti cha diski. Pakiti zikizidi, keneli, kiini cha mfumo, inaandika "irq 19: nobody cared" (hakuna aliyejali), inaizima laini, na mtandao unadorora. Mwenzangu ameandika kiraka (badiliko la msimbo) cha kiendeshi, programu inayoendesha kadi: katizo lolote likiingia, kiendeshi kinarudisha IRQ_HANDLED, yaani "nimelihudumia", bila kuangalia kitu. Ujumbe umekoma. Mimi ndiye mkaguzi, msimbo nimeuambatanisha. Nikipitishe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usikipitishe.

Laini hiyo ni kengele moja ya nyumba ya wapangaji. Ikilia, keneli humuuliza kila mpangaji: mgeni wako huyu? Ikilia mara 100,000 na zaidi ya mara 99,900 wote wakakana, inaizima. Mwenzako amemfundisha mpangaji mmoja kuitikia "wangu" hata asipokuwa na mgeni. Siku kidhibiti cha diski kikikwama kikilia, keneli haitashtuka, na prosesa itahangaika na katizo hilo hadi mtu azime mashine.

Ugonjwa wenyewe nimeuona kwenye msimbo wako, ila hauko alikoshika yeye. Tazama kitendaji cha poll, kinachochota pakiti kwa mafungu: kinafungua makatizo ya kadi kwanza, ndipo kinaita napi_complete_done, inayotangaza kuwa uchotaji umekwisha. Pakiti ikiingia katika mwanya huo, katizo linapiga huku NAPI, utaratibu wa keneli wa uchotaji huo, bado inahesabiwa kuwa kazini. napi_schedule_prep, inayoomba zamu mpya ya uchotaji, inakataa, kwa hiyo kiendeshi hakifungi makatizo. Kabla ya kiraka kilirudisha IRQ_NONE, yaani "si wangu", na kuondoka. Kadi haijahudumiwa, laini imebaki imewashwa, katizo linapiga tena, na tena. Hiyo 99,900 inajaa kabla hujapepesa jicho.

Basi pindueni mistari miwili. napi_complete_done itangulie, na makatizo yafunguliwe pale tu inaporudisha jibu la "kweli" (true). Poll ikimaliza bajeti yake yote, ambayo kwa kawaida ni pakiti 64, isiiite kabisa. Kisha kitendaji cha katizo kisome rejista ya hali ya kadi: biti zetu zikiwemo, IRQ_HANDLED, hata kama NAPI ilishapangwa. Ikiwa sifuri, IRQ_NONE. Biti zote zikisomeka moja, kadi imechomoka au imekufa, hivyo pia IRQ_NONE.

Mtu atakwambia muwashe MSI, katizo linalotumwa kama ujumbe, ambayo haina laini ya kugombania. Washeni, lakini kosa la mpangilio lirekebishwe vilevile.

"Ujumbe umekoma" silihesabu kuwa jaribio. Sukumeni pakiti kwa iperf3, zana ya kupima kasi ya mtandao, huku diski ikisomwa kwa nguvu, na mkodolee macho /proc/interrupts, faili la hesabu ya makatizo. Na mwenzako aandike kwenye maelezo ya kiraka tukio lipi linatangulia lipi hadi laini ikazimwa. Akiandika "kuondoa onyo" tu, mrudishie. Mimi hurudisha viraka vingi kwa maelezo ya namna hiyo kuliko kwa msimbo mbovu.